Sahani za Ugenini

Daktari alikataa kumpasua mama goti mpaka apunguze uzito. Wakati huo tulikuwa tunaishi naye mtaa wa Komarock, na alikuwa ameanza kushuka ngazi kinyumenyume. Mimi nafundisha takwimu chuoni, kwa hivyo sikutaka kubahatisha. Nikatunga nadharia tete: ugali wa jioni ndio unaomnenepesha. Wiki moja nilimpakulia kama kawaida, iliyofuata nikampa nusu, nikaendelea hivyo kwa kupokezana. Kila Jumatatu alipanda mizani akiwa ameshika bega langu, nami nikimkumbusha aliachilie.

Nilipochanganua vipimo, tofauti ilikuwa hafifu mno kuitwa tofauti. Ugali haukuwa na hatia. Nilikasirika, maana nilikuwa nimeshauhukumu. Nikamuuliza mama kama kuna kitu kingine anachokula. Akaapa hakuna, na mama yangu si mtu wa kudanganya.

Jumapili moja goti lilimzidi, nikamsindikiza kwenye ziara zake. Baada ya ibada, yeye na akina mama wenzake huwatembelea wagonjwa na waliojifungua. Nyumba ya kwanza ilitupa ugali kwa kuku. Ya pili, wali na ndengu. Ya tatu, chapati na chai nzito ya maziwa, mwenye nyumba akisimama kando kuhakikisha sahani zinaisha. Kwetu watu wa magharibi mwa nchi, ukikataa chakula cha mwenyeji ni kama umemwita mchawi.

"Mama, na uliniapia huli kitu kingine!" nilimwambia njiani.

"Kule si kula," alijibu bila haya. "Kule naheshimu watu. Ama unataka waseme nimewadharau?"

Nilicheka, ingawa miezi yangu ya kupima ilikuwa imeenda na maji. Kumkataza zile nyumba kungemuumiza kuliko goti. Lakini mtoto akila kwenye sahani ya mamake, hakuna anayenuna. Basi nikawa namfuata kila Jumapili. Yeye anaonja na kusifu, mimi namaliza. Mizani ikaanza kushuka, na safari hii tofauti ilionekana hata bila hesabu.

Siku ya upasuaji niliogopa sana. Wauguzi walipotaka kumsukuma ndani, mama alinishika mkono, akanitazama juu mpaka chini.

"Mwanangu, umenona," akasema. "Kwani siku hizi unakula nini?"