Majina Aliyoambiwa Mahjabin

Mahjabin alifanya kazi nami miaka kumi na sita, katika idara ya utamaduni ya chuo kimoja cha Kabul. Alikusanya nyimbo ambazo akina mama huwabembelezea watoto. Alipanda milima ya Badakhshan juu ya punda, akalala katika vyumba vya wanawake ambavyo mimi mwanamume nisingevikanyaga, akarudi na kanda zake na kikohozi.

Kwetu mwanamke hatajwi jina mbele za watu. Huitwa mama wa fulani. Lakini wale waimbaji walimwambia majina yao, naye akayaorodhesha mwishoni mwa mswada wake, mia mbili na kumi na moja.

Kisha utawala ukabadilika, wanawake wakazuiwa kufika chuoni. Mswada ulibaki kabatini mwangu. Mwaka wa pili mkuu wetu mpya akaniambia kitabu kitachapishwa kwa jina la mwanamume tu, na orodha iondolewe. La sivyo, karatasi zote zitaishia kwenye jiko.

Nilikwenda nyumbani kwao Mahjabin. Mama yake alikaa nasi, kama inavyopasa. Nikaeleza huku macho yangu yako kwenye kikombe cha chai.

"Jina lenyewe ni lako, Mwalimu?" Mahjabin akauliza.

"Ni langu. Nikikataa, wanauchoma."

"Na yule Gulbibi aliyeniimbia huku anatetemeka kwa homa, ataitwaje?"

"Mwanamke wa kijijini."

Mama yake akamsihi akubali yaishe, maana vitabu hivyo havikuwahi kumletea hata mchumba. Mahjabin akanigeukia mimi.

"Haya, chapisha. Orodha yangu nirudishie."

Nikamwambia nitaileta kesho. Ukweli ni kwamba nilikwisha kuichoma wiki iliyotangulia, askari walipoanza kupekua nyumba za mtaa wetu, nikiogopa kukutwa na majina hayo. Kesho yake sikwenda; nilikaa na uongo huo hadi kitabu kilipotoka na nikapongezwa hadharani. Siku hiyo nikarudi kwake, nikamwambia ukweli. Hakunilaumu. Aliinuka, akaingia ndani, nami sijamwona tena.

Siku hizi anashona nguo za watoto nyumbani. Mke wangu humpelekea vitambaa. Anasema Mahjabin ana daftari karibu na cherehani, na kila jina la orodha ile likimjia, husimamisha mkono akaliandika. Amefika tisini na mawili. Tangu mwezi wa Ramadhani hajaongeza hata moja.