Viti vya Kuona Viatu

Mimi, Galen, ni mtu wa kulalamika, na mke wangu atakuthibitishia. Nalalamikia mvua, nalalamikia bei ya mahindi, nalalamikia marefa hata wanapotupendelea. Kwa hiyo nikikuambia kuna Jumamosi moja nilishukuru kwa moyo wote, ujue sisemi kwa mazoea. Jumamosi hiyo inamhusu baba mkwe wangu, Verlin Stoops, aliyesugua na kupaka vanishi sakafu ya ukumbi wa mpira wa kikapu wa Chuo cha Tilden kwa miaka thelathini na mitano.

Ukumbi huo unaingiza watu elfu moja na mia nane, wakibanana. Huku kwetu Indiana mtoto hujua kudunda mpira kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na Verlin alikuwa mtoto wa aina hiyo, ila riziki yake ikaangukia kwenye ufagio. Alijua ubao upi unalia na upi umekufa, haurudishi mpira. Presha ya macho ilipomnyang'anya nuru, tulidhani mpira umekwisha kwake. Tulikosea. Chuo kilimwekea kiti nyuma ya benchi la timu, naye akawa anafuata mechi kwa masikio: viatu vikilia mbaoni, mpira ukidunda, kocha akifoka. Ukimgusa bega kumwambia kwamba fulani amefunga, alikujibu kwamba amesikia, na kwamba fulani huyo kabahatisha. Redio hakuitaka kabisa. Alisema mtangazaji humpa mtu mechi iliyokwisha kutafunwa.

Basi mwaka ule, kabla tiketi hazijahamia kwenye simu, Tilden ikaingia nne bora ya vyuo vya nchi nzima. Haijawahi kutokea. Nne bora ilichezwa Indianapolis, ndani ya uwanja wa futiboli, ule mchezo wetu wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai. Walijenga jukwaa katikati, wakatandika juu yake sakafu ya mbao, na watu elfu sabini wakaizunguka. Tiketi zilitolewa kwa kura. Nikapata mbili.

Nilimpelekea Verlin kwa maringo, kama vile uwanja nimeujenga mimi. Aliipapasa ile karatasi pande zote mbili. Alikuwa na miaka sabini na minne, na tangu ana ishirini alikuwa akiambiwa kwamba chuo kidogo kama Tilden hakitafika huko.

"Nataka kuwepo tu," akasema. "Washinde, washindwe, mimi nataka kuwepo."

Sasa, mtu wa Indiana akipata tiketi ya nne bora haulizi kiti kiko wapi. Ni kama kuuliza umri wa farasi uliyepewa bure. Mimi niliyemfahamu mzee miaka kumi na tisa, niliyekula mezani kwake kila Jumapili, sikuwaza hata kidogo kuhusu masikio yake.

Viti vyetu vilikuwa juu kabisa, chini ya paa. Tulipanda ngazi za umeme, kisha ngazi za kawaida, kisha ngazi zilizosimama wima kama za darini, Verlin amenishika mkanda kwa nyuma. Tulipoketi nikatazama chini. Sakafu ilikuwa kama kiberiti kilichoachwa katikati ya shamba. Watu wote wa huko juu, waliosafiri na kulala hotelini, walikuwa wanatazama skrini kubwa iliyoning'inizwa, jambo ambalo wangeweza kulifanya nyumbani bila viatu.

Siku ile tiketi moja ilikuwa ya mechi mbili. Kwanza walicheza watu wa Kentucky, majirani na mahasimu wetu wa mpira, na timu moja ya Magharibi, kisha ndiyo zamu yetu. Mechi ya kwanza ikaanza. Verlin akainamisha kichwa upande huu, akageuza upande ule, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio mbovu. Muziki ulipigwa, watu wakanguruma, mngurumo ukagonga paa na kurudi. Baada ya muda akaniuliza, kwa upole sana, "Hawajaanza?"

"Wameanza, Baba. Dakika ya tisa sasa."

Akavua kofia yake ya Tilden, akaiweka magotini. Nikaanza kumsimulia: huyu kapokea, huyu kapora, yule kafunga. Aliniacha nisimulie, na hilo ndilo lililoniuma, kwa sababu Verlin ninayemjua angeninyamazisha kwa neno moja. Wakati wa mapumziko akanishika mkono.

"Pumzika, Galen. Unajitahidi, lakini nasikia watu tu. Mpira siusikii."

Kisha akasema kwamba kama nimechoka twende zetu, maana barabara itajaa magari baadaye na Norvella, mama mkwe wangu, angefurahi tukiwahi chakula. Timu yake ilikuwa inaingia uwanjani saa moja baadaye, timu aliyoisubiri miaka hamsini na nne, na mzee alikuwa ananitafutia mimi sababu ya kuondoka. Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamlalamikia mjenzi wa uwanja, nikawalalamikia waliopanga nne bora, kisha nikaishiwa na watu wa kulalamikia isipokuwa mimi mwenyewe.

Lakini desturi moja ilikuwepo. Timu ya mechi ya kwanza ikitolewa, washabiki wake hawakuwa na moyo wa kubaki kutazama raha ya wengine. Walitoka na tiketi zao mkononi, na sisi wa juu tulishuka kuwalaki milangoni. Wengine waliuza, wengine waligawa, na wengine walizichana mbele ya macho yako wakafurahi kidogo. Siku ile Kentucky ilifungwa. Nikamwambia Verlin asisogee, nikashuka mbio.

Wanane walinipita bila kunitazama. Wa tisa alikuwa mama wa makamo, wanja umemchuruzika mpaka kidevuni, koti lake la rangi ya timu limefungwa mpaka kooni. Jina lake, kama nilivyokuja kujua, lilikuwa Twyla. Alitazama kofia yangu ya Tilden.

"Mtu wa Indiana ananiomba mimi tiketi," akasema. "Kumbe siku yangu ilikuwa bado haijaharibika vya kutosha."

Nikamwambia naomba kwa ajili ya mzee. Akanijibu kwamba kila mtu ana mzee. Halafu akasema hata akinipa nitamlaani, maana viti ni vya safu ya pili, nyuma ya goli, na ile sakafu imeinuliwa juu kuliko vichwa vya waliokaa. Yeye na mumewe wameona viatu tangu mwanzo mpaka mwisho. Mumewe kakasirika, kaenda kukaa kwenye gari tangu kipindi cha kwanza.

"Vinasikika?" nikauliza.

"Vitu gani?"

"Viatu. Ukikaa pale, unavisikia?"

Akanitazama kama anayetazama mgonjwa. "Mpaka kichwa kinauma. Wewe una nini, kijana?"

Nikamweleza kwa maneno machache. Hakuniamini, na mimi nisingejiamini. Alisema atasubiri palepale, nimlete huyo mzee amwone.

Sijui tulishuka vipi. Verlin hakuuliza kitu, alishika mkanda wangu na kuhesabu ngazi kwa sauti. Twyla alipoiona fimbo nyeupe ya kipofu mkononi mwa mzee, akatoa tiketi zote mbili mfukoni. Akakataa pesa, lakini sharti lake lilikuwa moja: mzee atamke kwamba Kentucky ndio wanaojua mpira wa kikapu.

Verlin akasimama wima. Katika maisha yake hajawahi kusema jambo hilo, wala ndotoni.

"Kentucky wanajua," akasema. "Mungu anisamehe, wanajua sana."

Twyla akacheka huku bado analia, akamshika mkono wa pili, na tukamteremsha mzee sote wawili mpaka kwenye kiti. Kisha akaondoka kumtafuta mumewe. Mpaka leo namwombea heri mama yule, na mimi si mtu wa kuombea watu wa Kentucky.

Ukweli ni kwamba palikuwa mahali pabaya kweli. Ukingo wa jukwaa ulinifika usoni. Wachezaji waliposogea upande wa pili walipotea, wakabaki vichwa, kisha hata vichwa havikuwepo. Lakini mpira ulipodundwa mara ya kwanza Verlin aliruka kitini kama aliyechomwa, na uso wake ukafunguka. "Huyu ni Bontrager wetu," akasema. "Anaburura kiatu cha kulia."

Kando yetu alikaa jamaa mnene aliyejipaka uso rangi zetu, naye pia kateremka kutoka juu na sasa anajuta. Alimsikia mzee. Dakika ya tano akauliza nani ana mpira. Dakika ya kumi safu nzima inauliza. Verlin, asiyependa kusimuliwa, akawa anawasimulia wenye macho yao: kapita kushoto, kapoteza, kocha anamtukana, hapo kwenye kona mbao zimeunganishwa vibaya, mtu atateleza. Na kweli mtu akateleza. Mimi nilikaa tu namtazama, wala sikutaka kuona goli.

Zikabaki sekunde tano, tuko nyuma kwa pointi moja.

"Bontrager anao," Verlin akasema. "Mkono wa kushoto. Anasimama. Karuka."

Honi ikalia na watu elfu sabini wakapiga kelele kwa pamoja, furaha na kilio humohumo. Kwa pale tulipokaa hatukujua ni ya nani. Jamaa mnene akamvuta mzee shati: umeingia?

Verlin alimgeukia.

"Chuma cha nyuma cha goli," akasema, "halafu cha mbele. Tumefungwa."

Jamaa akajifunika uso. Nami nikajiandaa kumfariji baba mkwe wangu, nikamkuta machozi yanamtiririka na anatabasamu mpaka meno ya bandia yote yanaonekana.

"Galen, wewe umeusikia ulivyogonga?"

"Hapana, Baba. Kelele zilizidi."

Akaukamata mkono wangu kwa nguvu za mtu wa ufagio.

"Mimi nimeusikia," akasema.