Mlama kwa Herufi L

Mdogo wangu wa kiume alizaliwa kabla ya siku zake, katika msimu wa baridi, miaka ile ya hamsini ambapo baba alishinda mgodini na pori la Nsemulwa lilianzia nyuma ya choo chetu. Bibi, mama yake baba, alimzungushia pamba na vipande vya kanga kuukuu, ukabaki uso tu, kama hindi lililoanza kumenywa likaachwa. Akasema mtoto huyu ataishi kwa joto. Moto humo ndani usizimike, na usitoe moshi, maana kifua chake bado kibichi.

“Mke mwenzangu,” akaniita, kwa utani wa bibi na mjukuu, “chukua kishoka. Niletee mlama mkavu. Mti mwingine usinionyeshe.”

Nilikuwa darasa la tatu. Mwalimu wetu, mtu wa pwani, alikuwa ametangaza vita dhidi yetu watu wa bara tunaoandika “karamu” tukitaka kalamu. Aliyechanganya l na r alichapwa kwa niaba ya herufi zote mbili. Basi bibi alipotaja mti, mimi nilisikia kosa la tahajia.

“Ni mrama, bibi,” nikamwambia kwa upole wa msomi. “Kwa r.”

“Ita utakavyo. Matunda yake yana mabawa manne, gome lake limepasuka...”

“Nimeelewa, bibi.”

Sikuwa nimeelewa kitu. Miaka mingi baadaye, chuo kikuu, niliandika kurasa nyingi juu ya l na r katika Kiswahili cha bara, nikapewa maksi nzuri. Hazikuwahi kuchemsha hata kikombe cha maji.

Njiani nilikutana na jirani yetu, mvuvi wa Karema aliyefuata kazi ya mgodi. Bado alitembea miguu ikiwa imeachana, kana kwamba ardhi ya Mpanda ingeweza kupinduka wakati wowote.

“Shikamoo, baba. Mti wa mrama unapatikana wapi?”

“Marahaba. Mti wa nini?” Alicheka mpaka akashika kiuno. “Mwanangu, mrama ni mwendo wa mtumbwi ukipigwa na mawimbi. Mti wa namna hiyo ukiuona, kaa mbali, utatapika.”

“Bibi ndiye anautaka.”

“Basi mwambie ziwa liko kule.”

Kwa aibu nikaokota chochote kikavu kilichokuwa karibu, vijiti vyeupe, vyepesi, vizuri kubeba. Kwa nini vilikuwa vyepesi sikujiuliza. Bibi alipoviweka motoni, nyumba ilijaa moshi mpaka sikumwona mama kwenye mkeka wake. Nilimsikia tu akikohoa. Mtoto hakukohoa. Alifungua mdomo, hakuna sauti iliyotoka, akaufunga, akaufungua tena. Bibi alivinyofoa vijiti kwa mikono mitupu akavitupa nje.

“Kweli umeniletea mrama,” akasema. “Moto wangu wote umekwenda mrama.”

Nilichukua kishoka tena. Lakini safari hii nilisimama mlangoni.

“Bibi, niambie tangu mwanzo.”

“Leo umeota masikio?” Alikuwa amemlaza mtoto kifuani pake, chini ya nguo, joto lake likishika zamu ya moto. “Majani karibu yameisha msimu huu, usiyafuate. Tazama matunda. Mabawa manne, makavu, yanalia upepo ukipita. Gome jeusi, limekatikakatika kama tope la mbugani likikauka. Ukikata, ndani ni manjano. Na ukikubebesha tawi dogo ukadhani ni kubwa, huo ndio. Nenda. Mimi sitapoa mpaka urudi.”

Nikaingia pori nikiyarudia maneno hayo kwa sauti, kama mtu anayetumwa dukani. Mti wa kwanza ulikuwa na matunda makavu yanayolia, nikashangilia. Nikachuma moja, nikahesabu: bawa moja tu, limezunguka pande zote kama ukingo wa kofia. Nikaliacha, ingawa mti ulikuwa karibu na njia na mimi nilitaka sana uwe wenyewe. Mbele, kwenye kichuguu, nikapata mwingine. Manne. Nikahesabu tena kwa kidole. Gome lilikuwa kama tope la mbugani. Tawi lake lililokufa nililipiga kishoka kikaruka nyuma, mkono ukafa ganzi. Nikapiga tena, na tena, nikimtukana mwalimu wangu kwa lugha ya nyumbani, ambayo hakuifahamu. Ndani ni manjano.

Mzigo ulikuwa mdogo, lakini ulinikandamiza shingo mpaka nikahisi nafupika. Jirani akaniona.

“Haya, umeupata mrama?”

“Mlama!” nikamjibu, bila shikamoo, na sikusimama.

Moto ulishika polepole, kwa kiburi, kisha ukatulia. Makaa yake yalikaa. Nilimwona mama vizuri, hata machozi yake, na hayakuwa ya moshi.

Baridi ile yote nilikata mlama kabla ya shule na baada ya shule. Shingo ikazoea, mwalimu hakuzoea uchelewaji wangu. Siku moja naingia na mzigo, nikamkuta mdogo wangu amekunja uso, jasho limemtoka puani, analia kwa sauti ya mtu mwenye madai.

“Mke mwenzangu,” bibi akafoka, “toa kigogo kimoja motoni. Mnataka kumchoma mtoto wa watu?”

Nikakitoa haraka, nikacheka.