Mwenye Heri wa Baiskeli Isiyokwenda Popote

Alizaliwa Jumapili alfajiri, akiwa na hali ya kuzaliwa iitwayo Down syndrome, kitinda mimba wa mshona sare za shule. Daktari aliusikiliza moyo wake, akasema ni mzima. Mama hakusadiki, akamlea kama yai. Alimfungia kamba za viatu mpaka kijana akaota ndevu, akamkataza ngazi, na kijana akikimbia kumlaki padre, mama alikimbia zaidi ili amzuie: “Pole pole, baba, moyo huo.”

Wito ulimjia ujanani, kupitia muuguzi wa zahanati ya misheni, aliyewakusanya vijana wa hali yake na kuwapandisha baiskeli za mazoezi, zile zisizokwenda popote. Akawaeleza wazazi: “Miili ya watoto hawa, ikichoma chakula, huacha mabaki makali kupita kiasi ndani ya damu, nayo huwachakaza mapema. Mazoezi ya kiasi, ya kila mara, huufundisha mwili kuyazima. Tutapima damu mwanzo na mwisho.”

Hapo ndipo jaribu lilipoanza. Muuguzi akigeuka tu kwenda kwa wagonjwa wengine, mama alimshusha mwanawe, akapanda yeye. Aliamini kwamba mama anayeweza kumwombea mwana hashindwi kumfanyia na mazoezi. Kijana alishika taulo, akimhimiza, “Kanyaga mama, mlima huo.”

Majira yakapita. Damu ya kijana ikaonekana vile vile, nafuu hakuna. Muuguzi akasema kwa unyonge, “Basi dada, pengine hayamfai. Nafasi yake nitampa mwingine.” Mama akainama, huku hofu, huku aibu. Ndipo kijana, ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa ajili ya peremende, akatamka maneno yanayokumbukwa hadi leo: “Pima damu ya mama. Yeye ndiye aliyefika.”

Muuguzi alicheka mpaka akakalia mizani. “Na wewe je?”

“Mimi bado sijaondoka.”

Tangu hapo alikanyaga mwenyewe, akiongezewa kidogo kidogo, mama ameshika taulo na kufumba macho. Vipimo vilivyofuata vilimfurahisha muuguzi, na ngazi za kanisa kijana akawa anazipanda akimvuta shemasi mnene.

Alifariki usingizini akiwa na mvi, baada ya kumzika mama yake kwa heshima zote. Kanisa halijamtangaza mwenye heri, mtaa umeshamtangaza. Hakuponya kiwete, ila aliwainua kina mama wengi waliokuwa wamewakalia watoto wao. Nawe mama mwenzangu, ukishaambiwa na daktari kwamba moyo ni mzima, mwombee mwanao mpaka magoti yaote sugu. Lakini jasho, mwache atoe lake.