Ulezi Kwenye Kiwanja cha Ndege

Imalingat alikuwa mlinzi wa kiwanja kidogo cha ndege nje ya mji wa Tororo, na mwaka ule wa 1964 sijui nani aliyejivunia kazi kumshinda. Alifyeka nyasi, akapandisha mfuko wa kuonyesha upepo, na kila Alhamisi aliposikia mngurumo alikimbia na fimbo kuwafukuza ng'ombe kabla ndege haijatua. Ng'ombe wenyewe karibu wote walikuwa wa jirani yake Ojulong, mtu mpole ambaye hata akikemewa alicheka tu.

Wakati wa mavuno mama mkwe wa Imalingat, Amulen, alikuja kutoka Molo. Bibi yule aliiona ardhi ile ngumu, safi, akaona Mungu amempa mahali pa kuanikia. Jumanne asubuhi akamwaga ulezi wake hapo. Imalingat alimwona kwa mbali. Kwao Wateso mwanamume hamkaribii mama mkwe wala hamsemeshi. Wakikutana njiani, yeye ndiye hujitosa vichakani. Ujumbe hupitia kwa mke, na mkewe Agwang alikuwa kisimani. Ndege huja Alhamisi, akajiambia, akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, na mimi simtetei.

Saa tano ndege ikanguruma, imeleta dawa za haraka za hospitali. Imalingat alitimua mbio hadi zikabaki hatua thelathini. Amulen alikuwa ameinama akigeuza ulezi, masikio mazito kwa uzee. Ukelele mmoja ungetosha. Lakini mkwe hapigiwi ukelele. Mwanamume mzima akageuka, akakimbilia kisimani kumwita mke.

Rubani alimwona bibi magurudumu yakiwa yameshagusa ardhi. Akamkwepa, ndege ikatumbukia mtaroni na kuvunjika pua, naye akavunjika mguu, akazimia. Amulen hakupata hata mkwaruzo. Alizoa ulezi wake akaenda zake.

Rubani alipozinduka hakukumbuka kitu, kwa hiyo inspekta akamuuliza mlinzi. Imalingat alifikiria aibu ya kumtaja mkwe wake mbele ya polisi. Alifikiria na kazi yake pia, tuseme ukweli.

"Ng'ombe ya Ojulong, bwana mkubwa," akasema. "Mimi nafukuza, inarudi."

Ojulong akafungwa miezi sita.

Tangu siku hiyo, kila Jumapili Imalingat alipiga magoti kanisani asithubutu kuomba lolote. Mara mbili aliondoka kwenda kituo cha polisi, mara mbili akaishia sokoni. Aliwachunga ng'ombe wa Ojulong kama wake, watu wakamsifu kwa ujirani mwema, na kila sifa ilimchoma. Agwang, aliyejua yote, hakumsifu wala hakumlaumu. Alimpakulia chakula na kuondoka.

Ojulong alirudi amekonda. Siku hiyohiyo alifika kwa Imalingat na kuku kwapani.

"Ndugu yangu," akasema, "kule ndani nimefikiri sana. Siku ile mimi nalala kidogo machungani. Pengine ng'ombe moja ilitoroka kweli. Mtu ya watu imevunjika mguu juu ya makosa yangu, na wewe karibu upoteze kazi. Nakuja omba msamaha."

Imalingat alifungua mdomo. Agwang alikuwa amesimama mlangoni, anamtazama, anangoja. Ukweli ulikuwa umeshamfika ulimini, na alijua hatapata tena nafasi nyepesi kama hii.

"Yameisha, ndugu yangu," akasema, akampokea kuku.