Barua ya Sista Niliyoificha Malaba

Nilikosa. Nasema hivyo kwanza kabla sijaanza kujipamba, maana kujipamba ndiko kulikoniponza.

Miaka ile ya sabini nilikuwa dresa, mfunga vidonda tu, kwenye zahanati hapa Malaba, mpakani na Uganda. Kipindupindu kikaingia. Mahema yakapigwa kando ya reli, na kutoka ng'ambo tukaletewa nesi mmoja, Sista Greta. Nikapewa kazi ya kumsaidia na kumtafsiria.

Jamani, nilivimba kichwa! Nilikaa mbele kwenye Landrova. Akina mama wa soko la Amagoro wakaanza kuniita daktari. Hata mawakala wa forodha, watu wanaojiona, walinisalimia, "Habari, boss."

Mwezi wa tatu Sista akaanza kuharibika. Alinawa mikono mpaka ngozi ikatoka. Lori likipiga honi, anaruka. Siku moja alitia chumvi kwenye chai vijiko viwili, akanywa yote, huku akihesabu matone ya dripu ambayo hayapo. Na mimi? Nilimwiga hotelini, watu wakacheka mpaka wakamwaga supu!

Halafu akanipa bahasha. "Ipeleke posta ya Busia," akasema. "Nimewaandikia wakubwa wangu. Nimechoka. Nataka kwenda nyumbani."

Nyumbani? Na Landrova? Na udaktari wangu? Barua nikaitia mfuko wa ndani wa koti. Sikuifungua, na kwa hilo nilijisifu kuwa mtu mwaminifu!

Wiki mbili baadaye mmoja wa wakubwa wake akaja na mpiga picha. Sista alimkazia macho, akingoja aitaje barua. Wapi!

"Sista anaendeleaje?" mkubwa akauliza.

Nikadakia, "Huyu ni chuma, mzee! Ukimwambia apumzike anakasirika."

Makofi! Sista akavishwa shada la maua, akapigwa picha, akasifiwa kwa hotuba ndefu, na wagonjwa nyuma yake wanaita maji. Mgeni alipoondoka, Sista akaniuliza polepole, "Kwa hiyo wamekataa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ole wangu!

Kesho yake, saa nne asubuhi, alikuwa ameinua chupa ya dripu ya dereva mmoja wa Mombasa.

"Dada, chupa imeisha," dereva akasema. Sista bado ameiinua. "Dada! Imeisha!"

Sista akaiweka chini. Akavua aproni, akaikunja vizuri, akafuata reli kuelekea Uganda.

Uganda ya siku hizo, ya askari wa kupiga watu risasi ovyo! Nilikimbia kama mwizi. Nilimshika mkono hatua chache kabla ya daraja, askari wa upande ule ameshainua bunduki.

"Barua haikwenda," nikasema nikitweta. "Ninayo hapa."

Nilingoja kofi. Akaketi pale pale juu ya mataruma ya reli. "Isome."

Nikaisoma. Aliomba nesi wa kumbadili. Kisha chini ameandika: msaidizi wangu naye apewe mwezi mzima wa kupumzika; amechoka kuliko mimi ila hajui, ndiyo maana anacheka ovyo.

Haki ya Mungu, nililia mbele ya madereva wa malori na matanboi wao, wale vijana wa kuwasaidia safarini!

Barua ilikwenda siku hiyo hiyo. Yeye alichukuliwa baada ya siku chache, hakuniaga. Aliyetumwa kumbadili alichelewa mno, nikabaki na mahema peke yangu. Nikaomba kupumzika. Wakubwa wa hapa wakashangaa: daktari anaombaje likizo wakati wa ugonjwa? Mwishowe nilimfokea mama mzee wa kijiji cha Kocholia, mgonjwa asiyeweza hata kuketi, kwa sababu aliniuliza jambo moja mara mbili. Aliniomba msamaha, yeye! Sijasahau sauti ile.

Ndugu zangu, mwenzako akisema amechoka, mwamini mara ya kwanza. Usimtungie sifa. Mtandikie kitanda, kisha wewe shika ile kazi. Makofi hayajawahi kumlaza mtu usingizi.