Fundi wa Dhoruba wa Corley

Saa nane mchana, Jumapili, Noelene Pybus amepiga magoti nyuma ya pazia na anaijaribu bahari. Ameinua ungo mpana wenye njegere kavu, anauinamisha kushoto taratibu, njegere zinateleza shaaa. Anaurudisha kulia, shaaa. Anakunja uso. Anachota konzi moja ya njegere na kuitia mfukoni mwa aproni.

"Ilijaa mno," anasema. "Bahari ikishiba hailii."

Noelene ana miaka sitini na mmoja. Asubuhi nne za wiki hupika katika shule ya mji huu mdogo wa Corley, magharibi mwa Tasmania. Muda unaobaki ni mali ya Kundi la Karakana, watu tisa wanaoigiza ndani ya karakana ya zamani ya treni za mgodi. Yeye ndiye mvua yao, upepo wao, farasi wao, na mtoto mchanga anayelia chumba cha pili. Radi yake ni bati lililoning'inizwa kwa kamba. Upepo ni pipa la mbao linalozungushwa chini ya turubai. Sauti zilizonaswa kwenye mashine zipo, ila hapa hakuna anayezitaka.

"Mashine haimsubiri mwigizaji aliyesahau maneno," anasema. "Mimi namsubiri, na nikichoka namtupia njegere."

Wenyeji wanaapa kwamba msimu mmoja aliitikisa radi ile hata mbwa wa mtaa mzima wakaingia chini ya vitanda, na padri akakatiza mahubiri akaanue suruali zake. Padri mwenyewe anakana. Anasema zilikuwa shuka.

Msimu ukiisha, kundi hugawana kilichobaki. Mwaka jana fungu la Noelene lilikuwa dola mia tatu na arobaini, naye akanunua turubai jipya. "Mume wangu aliniuliza, sasa tutakula nini? Nikamwambia, njegere."

Leo lakini kuna mgeni. Mstari wa mbele, kiti cha pembeni, ameketi mama yake mzazi, Enid, mwenye miaka themanini na tisa, aliyeletwa na basi la nyumba ya wazee. Noelene yuko na kundi hili mwaka wa ishirini na sita, na Enid hajawahi kukanyaga hapa.

"Kila msimu nilimwalika," anasema Noelene. "Ananiuliza, unatokea jukwaani lini? Namwambia, sitokei, mama. Basi ananijibu, sasa nije kumtazama nani? Niache nimenye viazi vyangu."

Miaka mitatu iliyopita macho ya Enid yalizimika. Majuzi, binti yake akimmenyea chungwa, bibi akatamka mwenyewe: "Haya, wewe nyuma ya pazia, mimi na macho haya, sasa wote wawili tuko gizani. Nipeleke."

Mchezo wa leo unamhusu mlinzi wa mnara wa taa na meli iliyovunjikia pwani. Dhoruba iko sehemu ya pili. Basi la wazee linaondoka saa kumi na nusu, kwa kuwa chakula cha jioni kule hakimngoji mtu.

Wanashikana mikono nyuma ya pazia. "Kuku!" anasema Trudi Hallam, mwongozaji wao. "Kuku!" wanaitikia wote. Mwigizaji wa huku hatakiwi heri. Anatakiwa kuku, ambaye zamani, wanasema, alipikwa siku ukumbi ulipojaa tu. Pazia linafunguka.

Sehemu ya kwanza haijaisha, king'ora cha zimamoto kinalia.

Corley hawana wazima moto wa mshahara. Ni wenyewe kwa wenyewe, na Darrell Quilty, fundi magari anayeigiza mlinzi wa taa, ni mmoja wao. Anakata sentensi katikati. "Samahanini, narudi!" Anapita mezani kwa vifaa, ananyakua shoka, anatoka mbio na ndevu zake za pamba, mabaharia wawili wakimfuata.

Hakuna anayeshangaa. Watazamaji wanainuka, wanawasha birika kubwa, wanaanza kuwapakia wazima moto mikate ya siagi. Hiyo ndiyo desturi: moto ukiita, mchezo unasubiri. Kuna mwaka ulisubiri mpaka Jumatano.

Noelene anatupa jicho mezani na kujishika kichwa. Shoka la chuma, lile la zimamoto, lipo palepale.

"Mungu wangu, Darrell kabeba la mchezo, la boksi! Kaenda kuvunja mlango na karatasi!"

Karakana nzima inaangua kicheko. Noelene hacheki sana. Saa ya ukutani inatembea, Darrell haonekani, na muuguzi wa nyumba ya wazee ameshaanza kumfunga Enid vifungo vya koti.

"Bi Enid, maliza chai, twende."

"Sijamsikia binti yangu."

"Tutakuja wiki ijayo, mama."

"Mwanangu, kwa umri huu wiki ijayo ni hadithi."

Noelene anamvuta Trudi kando. "Niipige sasa."

"Dhoruba bila mlinzi wa taa? Si wewe uliyenifokea mwaka juzi nilipotaka radi itangulie maneno?"

"Nilikufokea, na kesho nitakufokea tena. Leo niachie."

Trudi anamtazama bibi, koti limeshafungwa hadi kidevuni. Anageuka. "Zimeni taa. Zote. Na milango mfunge."

Giza linawafanya wote kuwa sawa na Enid. Kwanza bahari inakuja kwa mbali, inajikokota, inarudi. Upepo unaanza kama mtu anayepuliza chai, kisha unapanda, unapiga mluzi, unatafuta nyufa. Bahari inavimba. Bati linanguruma. Mzee mmoja, mchimbaji mstaafu, anasikika akihangaika kitini: "Mvua hiyo! Nimeacha dirisha la gari wazi!"

"Kaa chini wewe," inasema sauti ya Enid gizani. "Si mvua hiyo. Ni Noelene."

Taa zinapowashwa, muuguzi ndiye anayepiga makofi kuliko wote. Enid hapigi. Anaomba apelekwe nyuma. Huko anapapasa pipa, anapapasa turubai, anatumbukiza mkono kwenye ungo na kutafuna njegere moja.

"Kavu kupindukia. Bahari umeipata. Upepo pia. Ila radi yako ya uongo."

"Uongo vipi, mama?"

"Radi ya Corley inapiga mara mbili. Inapiga juu ya mgodi, halafu kilima kinaijibu. Wewe umepiga moja. Hiyo ni ya mjini, ya Hobart."

Waigizaji wanashika mbavu. Noelene amesimama na kamba ya bati mkononi, anatabasamu na macho yamelowa. "Nimekaa hapa miaka yote hii," anasema baadaye, "wananiambia vizuri, vizuri sana. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu kunikosoa radi. Maana yake alisikiliza."

Basi linaondoka kwa wakati wake. Nusu saa baadaye Darrell anaingia, ndevu zimeungua upande mmoja. Lilikuwa sufuria la mafuta ya chipsi, halikumdhuru mtu. Shoka lake limejikunja kama ukurasa wa gazeti. "Wenzangu wamesema wataninunulia na panga la biskuti," anasema, kisha anapanda jukwaani na kuendelea na sentensi aliyoikata.

Siku ya pili yake Noelene ameshapata bati jingine. Atalitundika ukuta wa nyuma, nyuma kabisa ya watazamaji, liwe kilima. Kilima kinahitaji mtu wake wa kuvuta kamba, na ameshapiga simu nyumba ya wazee: Jumapili ijayo Enid atakaa huko nyuma, kamba mkononi. Wamekubali. Enid mwenyewe alikubali kabla hajamaliza kuulizwa.

Trudi ana wasiwasi. Anauliza mzee asiyeona atajuaje saa ya kuvuta.

"Huyo?" anasema Noelene, akifunga fundo. "Mimi nikinguruma tu, atajibu. Tangu nizaliwe hajaniachia neno la mwisho."